Bibi Paka wa Nong Kradon

Surin, 14 Mei

Kwa Mama mwenye kibanda cha tambi, kituo cha basi cha Nong Kradon,

Hunifahamu, ila huenda unanikumbuka. Ni mimi niliyekuwa nimepiga magoti chini ya basi Jumapili iliyopita, dereva akibadilisha gurudumu. Uliniuliza, "Umeangusha pete?" Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Abiria walikuwa wamekwisha kunicheka, nami sikutaka kuchekwa na mtu mwingine tena. Nilikuwa namtafuta paka wangu. Nilifungua kikapu nimpe maji, akapita katikati ya mikono yangu kama moshi, na dereva hakukubali kunisubiri.

Anaitwa Mek, yaani wingu. Rangi yake ni kijivu cha wingu la mvua, na ncha za manyoya zinameta kama fedha. Macho yake ni ya kijani. Ni mkimya. Nimemchora kwenye karatasi ya pili ili uibandike mahali watu wanapopita.

Akionekana, tafadhali asikimbizwe. Paka aliyepotea humkimbia hata anayempenda. Mtu akae chini, ampe mgongo, aweke samaki mkavu karibu, kisha asifanye lolote. Nimesoma kwamba wengi wao hawaendi mbali. Hujibanza karibu na pale walipopotelea, wakangoja dunia inyamaze. Nimekutumia na kitambaa nilichokilalia siku kadhaa. Kiweke mahali pakavu, chini ya nyumba au ghalani, na mlango uachwe wazi kidogo.

Naona haya kumwomba mtu nisiyemjua mambo mengi hivi. Lakini sina mwingine huko, na sina mwingine kama yeye.

Orathai


Nong Kradon, 22 Mei

Mwanangu Orathai,

Kumbe paka! Laiti ungesema! Mimi na watoto wa jirani tumelichekecha lile vumbi kutwa nzima tukiitafuta pete yako. Tumepata vizibo vya soda na jino la mtu. Jino ninalo, kama ni lako pia sema.

Mimi ni Bunlom. Hapa kila mtu ananiita Shangazi, hata wanaonizidi umri, kwa sababu ya tambi. Nawe niite hivyo hivyo.

Mchoro wako nimeubandika juu ya chungu cha supu. Mzee mmoja aliutazama weee, akauliza, "Huyu ameiba nini?" Nikamwambia ameiba moyo wa msichana wa watu. Akasema, "Basi asipatikane, wengine tuna wake zetu."

Kitambaa nimekiweka chini ya ghala langu pamoja na samaki. Wamekuja paka wa kila namna. Mmoja amekilalia kitambaa kwa madaha kama bibi harusi, ila ana mabaka meusi na meupe kama ng'ombe, kwa hiyo nikamfukuza. Wa kijivu sijamwona. Usikate tamaa. Huku kwetu sasa hivi hakuna pa kujificha, majani yote yamekauka. Bwawa limepasuka kama visigino vyangu. Miche ya mpunga imechomoza kidogo kwenye vitalu, ikaona hali ilivyo, ikaanza kugeuka njano. Mkuu wetu wa kijiji, Bwana Thongdam, anatoka kila asubuhi kuitazama mbingu kana kwamba imemkopa.

Lakini mwanangu, mimi ni mtu wa kuuliza, nisamehe. Paka wa kijivu namna hiyo hupewa bibi harusi, na hupewa jozi. Wewe unamtafuta mmoja. Mwenzake yuko wapi? Na mume?

Shangazi Bunlom


Surin, 28 Mei

Shangazi,

Asante. Nimeisoma barua yako nikiwa bafuni, ili mama asinisikie nikicheka.

Mwenzake alikufa mwaka jana, aligongwa na pikipiki. Mume wangu yuko Khorat, kazini. Mimi nafanya kazi maktaba ya mkoa, nimechukua likizo kidogo nikaja kumsalimu mama. Hayo ndiyo yote.

Naomba ujaribu jambo moja. Asubuhi na mapema, kabla vyombo vyako havijaanza kugongana, gonga bakuli la bati kwa kijiko, taratibu, kisha unyamaze. Usimwite kwa jina. Jina lake amezoea kulisikia kwa sauti yangu, kwa sauti nyingine litamtisha.

Mama hajui kwamba nilisafiri naye. Nilimwambia Mek amebaki Khorat. Kila siku ananiuliza hali yake kabla hajauliza hali ya mume wangu, nami namjibu kwamba wote wawili hawajambo. Sijui kwa nini kumdanganya mtu anayekupikia ni rahisi namna hii.

Nakaa dirishani nikiwaza, je, paka akipotea anajua kwamba amepotea? Au anadhani ni sisi tuliopotea, naye anatusubiri?

Orathai


Nong Kradon, 11 Juni

Kwa Dada Orathai,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima pamoja na mama yako.

Napenda kukujulisha kwamba paka wako amepatikana. Yupo salama. Anakula samaki mara nyingi kuliko sisi. Hana jeraha.

Ninakuomba usije kwa sasa. Mvua imenyesha kubwa na barabara ya kuingilia kijijini ni tope tupu. Pia mnyama amechoka, hafai kusafirishwa. Tutakujulisha wakati ufaao, pengine baada ya kupandikiza mpunga.

Wasalaam,
Bunlom


Surin, 15 Juni

Shangazi Bunlom,

Hii si sauti yako. Nimeisoma barua hii nikitafuta hata utani mmoja, sikuupata. Nani alikuwa amesimama nyuma yako ulipokuwa ukiandika?

Kibanda chako kiko kando ya lami. Nilipiga magoti juu ya lami hiyo. Tope gani litakalonizuia kushuka kwenye basi na kunyoosha mikono?

Kama mnataka kitu, semeni. Kama amekufa, sema. Naweza kulibeba hilo kuliko "wakati ufaao." Na kama yu hai kweli, nijibu: hufanya nini mtu anapomimina maji mbele yake? Hulala akielekeza kichwa wapi? Asiyeishi naye hawezi kujua. Majibu yasipokuja, au yakija ya kubuni, Jumamosi ya mwisho ya mwezi nitakuwa kituoni kwako.

Nilikuamini haraka mno. Kosa ni langu, huwa naamini watu wanaonichekesha.

Orathai


Nong Kradon, 20 Juni

Mwanangu,

Nipige, halafu unisikilize.

Maji yakimiminwa, huingiza mkono wa kushoto kwanza, akaulamba, kisha akautazama mkono kama vile ni wa mtu mwingine. Hulala kichwa kikielekea mlangoni. Umeridhika? Sasa nikueleze. Mkuu wa kijiji kweli alikuwa nyuma yangu, alikuja kula tambi, akasema, "Andika kwa adabu, huyo ni mtu wa maktaba." Nikaandika kwa adabu. Unaona adabu inavyoharibu barua.

Ilikuwa hivi. Siku niliyogonga bakuli mara ya tatu au ya nne, akatoka chini ya magunia ya mkaa, mweusi vumbi tupu. Nilimpa mgongo kama ulivyosema. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Akaja akalala juu ya kitambaa chako. Nikafunga mlango wa ghala, nikamwogesha, nikatoka nje kwa furaha nikimwita kila mtu aje aone. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwa sababu mwanangu, walipomwona wakaunganisha viganja kama wako hekaluni. Rangi ya wingu la mvua! Na ardhi imekauka namna ile! Bwana Thongdam akavua kofia. Akasema, "Kijiji kizima tunatafuta paka jike wa kijivu wa kumzungusha kuomba mvua, kumbe mbingu imemshusha kwa basi."

Wewe ni wa Surin, huna haja ya kuelezwa. Tulimtia kwenye tenga la mianzi, na maua, vijana wawili wakalibeba kwa mti. Ngoma, filimbi, wazee walevi, wanawake tukiimba yale matusi ambayo siku nyingine ukiyaimba unapigwa kofi. Kila nyumba ikatoa maji, machache yaliyobaki mitungini, ikamnyunyizia Bibi Paka. Alilia, sitakuficha. Alilia vizuri sana, na ndivyo inavyotakiwa. Na hatujafika nyumba ya mwisho, Orathai, nakuapia kwa mabaki ya mume wangu, tone la kwanza likaanguka kwenye pua ya Bwana Thongdam. Akasimama pale pale kama mti. Kisha ikamwagika.

Sasa Bibi Paka anakaa ghalani kwa mkuu wa kijiji, kwenye mkeka mpya. Wanawake wanapokezana kumpelekea samaki. Watu wanaogopa. Wanasema akiondoka sasa, mvua nayo itachukua kikapu chake. Na si hilo tu. Wanataka azae. Wameleta dume la hekaluni lije liwe bwana harusi. Dume hilo linaogopwa na mbwa wote, lakini Bibi Paka alilizaba makofi hadi likapanda juu ya paa, likabaki huko likiomboleza. Bwana Thongdam kasema, "Mwanamke mwenye heshima hakubali mara ya kwanza." Watajaribu tena. Mabinti wa Bibi Paka watabaki kijijini, ukame ukija tuwe na wetu. Akishazaa, ndipo utarudishiwa.

Najua wewe ni msomi, utatucheka. Cheka, lakini usije na polisi. Nakuomba. Na jambo jingine: barua zote za kijiji hufikia nyumbani kwa mkuu. Yeye hafungui za watu. Mkewe, Chanpheng, pia hafungui, ila huziinua juani. Bahasha zako ni nyepesi.

Shangazi yako mwenye aibu,
Bunlom


Surin, 26 Juni

Shangazi,

Barua hii nimempa utingo wa basi akukabidhi mkononi. Nilimwambia ni dawa.

Sikucheka. Nilipofika kwenye "paka jike" niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, nikaenda kumsaidia mama kuchambua hariri. Nikarudi nikaisoma tena.

Mek ni dume.

Mmeangalia, mkaona hakuna kitu, mkasema jike. Hakuna kitu kwa sababu amehasiwa. Najua huko kwenu wanaohasiwa ni ng'ombe na nguruwe, nani atapoteza kisu kwa paka? Mjini kuna daktari wa mifugo anayefanya hivyo kwa nusu asubuhi.

Nikueleze yote, kwa kuwa nimeanza. Mama hufuga paka hawa, kama mama yake alivyowafuga. Alinipa jozi siku ya harusi. Unajua maneno yanayosemwa wanapowekwa kitandani kwa maharusi: nyumba ijae mpunga, nyumba ijae watoto. Jike lilipokufa, Mek alilia. Alizunguka akilia, akakojolea mapazia, akatoroka, akarudi na masikio yamechanika. Mume wangu, Prasop, si mtu mbaya. Anapenda kutengeneza kila kinachoharibika. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mek amelala sakafuni, amelegea, ana kidonda kilichoshonwa. Prasop alikuwa akifua mapazia. Alinitazama kwa furaha kabisa. Akasema, "Sasa atatulia."

Na kweli alitulia. Kila mtu nyumbani alitulia. Nilingoja nione kama ataniuliza kwa nini sili. Aliniuliza, nami nikajibu kwamba tumbo linauma. Tuliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Sisi pia hatuna mtoto, Shangazi, na watu huniuliza sokoni, kazini, hekaluni, kila mahali. Prasop hakufikiri juu ya lolote kati ya hayo alipombeba yule paka. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe, kwamba hakufikiri, na pia ndilo linalomtakasa. Niliposhindwa kupatanisha hayo mawili nilichukua kikapu, nikapanda basi la Surin. Njiani nikakumbuka kwamba mama atamgeuza paka, kama anavyowageuza wote, ataona, na nitalazimika kusema. Nikafungua kikapu nimpe maji.

Kwa hiyo sasa najua kitu ambacho kijiji chenu hakijui. Sentensi moja tu kwa Bwana Thongdam, na paka wangu atarudi kesho. Dume asiyezaa wa nini kwao? Kalamu iko mkononi. Lakini nimeona nikuulize wewe kwanza. Ulikaa hadi miguu ikafa ganzi.

Niambie la kufanya.

Orathai


Nong Kradon, 29 Juni

Orathai mwanangu,

Niliisoma nikiwa napika. Supu imeungua. Nilicheka, nikaona aibu kucheka, nikafika kwenye mapazia nikaacha kucheka.

Dume! Maksai! Na lile la hekaluni likapigwa makofi kwa haki kabisa!

Sasa nikujibu. Alipoletwa kwenye tenga, Bwana Thongdam alimnyanyua, akanigeukia mbele ya watu akaniuliza, "Bunlom, wewe umemwogesha. Ni jike?" Nikasema jike. Sikudanganya, nilichungulia kweli. Lakini nilisema kwa sauti kubwa, kama wakili.

Na tangu nilipokuandikia mara ya mwisho, mbingu imefunga tena. Mashamba ya chini yamepandwa, ya juu yanangoja, na miche inazeeka kwenye vitalu. Watu wameanza kutafuta sababu. Wewe hukuwa umezaliwa walipomtafutia sababu jirani wa mama yangu. Walisema alipita mbele ya mizimu ya kijiji akiwa amebeba nyama mbichi, ndiyo maana mvua ilikata. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kununua mboga zake. Msimu uliofuata akahama.

Ukiandika kwamba ni dume, watasema Bunlom aliidanganya mbingu. Mimi wataacha tu kula tambi zangu.

Nimekwambia hali ilivyo kwa kuwa uliniuliza. Lakini paka ni wako. Yeye hakuomba mvua, wala hakuomba kuhasiwa, wala kuzungushwa. Kati yetu sote yeye ndiye asiye na kosa na ndiye anayefungiwa. Ukiandika, sitakuchukia. Nitakukasirikia kidogo, halafu itapita.

Usinijibu mimi. Amua.

Shangazi


Surin, 2 Julai

Kwa Mheshimiwa Thongdam, Mkuu wa Kijiji cha Nong Kradon,

Mimi ni mwenye paka wa kijivu aliyeko ghalani kwako. Kwanza nashukuru kwa mkeka na samaki. Nimesikia jinsi anavyotunzwa.

Nimesikia pia kwamba mnatarajia azae, na kwamba mmempelekea dume na mtajaribu tena. Ni haki yenu mjue ukweli. Paka huyu hataleta watoto, sasa wala baadaye. Mwaka jana mume wangu alimpeleka kwa daktari wa mifugo, akapasuliwa ili uzazi ukome. Mimi sikuulizwa. Alikuwa mmoja wa jozi niliyopewa na mama yangu siku ya harusi, na wewe unajua jozi hiyo humwombea nini bibi harusi. Kwa sababu hiyo niliondoka nyumbani kwa mume wangu. Mama anadhani niko likizo. Kazini wanadhani mama ni mgonjwa. Wewe ndiye unayeambiwa, kwa kuwa mnangojea kitu ambacho hakitakuja, nami najua kungojea namna hiyo humfanyia nini mtu.

Simdai leo. Nimekulia karibu na mpunga. Akae mpaka mche wa mwisho uingie ardhini, kisha nitakuja mwenyewe. Ninaomba mawili tu. Lile dume lisiletwe tena. Na mlango wa ghala uwe wazi mchana. Hatatoroka, ameshajua mahali alipo.

Wako kwa heshima,
Orathai


Nong Kradon, 12 Julai

Kwa Bibi Orathai,

Ofisi ya Mkuu wa Kijiji imepokea barua yako na inakushukuru.

Mke wangu yuko nyuma yangu anasema hakuna ofisi, ni meza ya kulia chakula. Ni kweli.

Niliifungua barua mimi mwenyewe. Kabla sijafika mwisho Chanpheng alikuwa amekwisha kulia, ndipo nikajua kwamba anasoma haraka kuliko mimi. Niliitisha kikao. Nilisoma sehemu zinazohusu paka. Sehemu zako sikuzisoma, lakini mke wangu alikuwa amekwisha kupita kwenye kila nyumba, kwa hiyo naomba radhi.

Mzee mmoja alisimama akasema paka asiyezaa hafai kwa mvua, na kwamba yawezekana ndiyo sababu mbingu imefunga. Chanpheng, ambaye si mjumbe, akasema kutoka jikoni: "Mbingu iliuliza?" Akatoka na mwiko mkononi akasema, "Ilinyesha au haikunyesha? Ililowesha mashamba ya wenye watoto peke yao?" Yule mzee akakaa. Nimeliandika kama azimio.

Dume la hekaluni limerudishwa kwa watawa. Mlango uko wazi. Paka anatoka, anakaa juu ya trekta langu la mkono, anarudi mwenyewe.

Mvua imenyesha juzi. Si kubwa, lakini ya kutosha kwa mashamba ya juu kama tukifanya haraka.

Chanpheng anasema uje kabla kazi haijaisha, ukae nyumbani kwetu. Anasema nikuandikie hivi kama alivyotamka: "Hapa hakuna atakayekuuliza una watoto wangapi. Tumeshaambizana."

Thongdam, Mkuu wa Kijiji


Surin, 3 Agosti

Shangazi mpendwa,

Tumefika salama, kikapu kimefungwa kwa kamba juu ya kamba. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua kuna mgongo. Mistari yangu ya mpunga imepinda, na namshukuru Bwana Thongdam kwa kusema kwamba ng'ombe hatajali.

Kuna jambo sikukwambia pale kituoni kwa sababu utingo alikuwa anapiga kelele. Siku ya kwanza shambani, yule binti mwenye kofia nyekundu alinisogelea akaninong'oneza: "Dada, nina siri. Nilipompelekea samaki nilimkuta amelala chali. Yule si jike. Sijamwambia mtu, nisije nikaharibu mvua." Jioni mama yake akaniita kisimani akaniambia maneno hayo hayo, na akaniapisha nisimwambie binti. Kesho yake ikawa mke wa fundi baiskeli. Kisha wale dada wawili wa kusuka mikeka, kila mmoja kwa wakati wake. Na usiku wa kuamkia safari, Chanpheng alinifungia kikapu, akasema polepole, "Mume wangu asijue kamwe, angejiuzulu."

Tangu hapo nawaza, Shangazi. Wanawake wa kijiji kizima, kila mmoja peke yake na samaki wake, kila mmoja akiamini kwamba yeye tu ndiye anayeibeba mvua kwa kunyamaza. Nani basi alidanganywa? Na mimi, niliyeitoa siri yangu ili kuificha siri ambayo wote walikuwa nayo, nilipoteza nini? Nimeipima. Sioni nilichopoteza. Nililala nyumba ya watu kwa juma zima bila kuandaa jibu la swali lolote.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani sikupita mlango wa nyuma. Mama alikuwa kwenye kitanda cha kufumia hariri. Nilikiweka kikapu miguuni pake nikakifungua. Mek akatoka, akanusa, akamjua. Mama akamnyanyua, akamgeuza kama nilivyojua atamgeuza. Akatazama. Mikono yake ikasimama.

Nikamwambia. Nilianza na jike na pikipiki, nikamaliza na Nong Kradon. Sikuruka mapazia. Sikumfanya Prasop kuwa mbaya kuliko alivyo. Nilisema kwamba ameniandikia, kwamba sijamjibu, na kwamba nitamjibu, ila sijui bado barua itasema nini. Ilichukua muda mrefu. Hakunikatiza hata mara moja, na unajua mimi nilikuwa nikiogopa nini miezi yote hii: kwamba atalia, au atasema mwanamke huvumilia.

Alimweka paka mapajani. Akampapasa pale kwenye kovu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayetafuta uzi uliokatika kwenye kitambaa. Kisha akaniuliza siku hizi anakula nini.

Nikasema samaki. Mkubwa kuliko wa zamani.

Akainuka kwenda jikoni kumtafuta samaki.

Orathai